Magari Makuukuu ya Askari wa Kujitolea: Funzo la Hong Kong

Kikosi cha ulinzi cha kujitolea, kwa namna kilivyojulikana katika makoloni ya Uingereza, kilikuwa jeshi dogo la raia ambao walibaki na kazi zao za ofisini, bandarini, benki au shuleni, wakafanya mazoezi ya kijeshi jioni, mwisho wa juma na katika kambi ya kila mwaka, na wakawa tayari kuitwa na Gavana pale hatari ilipotokea. Jeshi la namna hiyo halikuwa sehemu kamili ya jeshi la Uingereza, kwa sababu liliundwa kwa sheria ya koloni na kugharimiwa na hazina ya koloni. Wala halikuwa polisi, kwa sababu lilibeba silaha za kivita na kutarajiwa kupigana bega kwa bega na askari wa kudumu. Nafasi hiyo ya katikati ndiyo iliyofanya suala la magari yake yaliyochakaa liwe gumu kuliko linavyoonekana. Jeshi la kudumu linapobadilisha magari huuliza ni gari gani litakalomshinda adui, lakini kikosi cha kujitolea kililazimika kuuliza kwanza ni gari gani ambalo karani wa benki anaweza kulimudu kwa saa chache alizonazo, na ni nani atakayelipa. Historia ya kikosi cha Hong Kong, kilichoanza mwaka 1854 na kuvunjwa mwaka 1995, inaonyesha kwamba uamuzi uliofuata maswali hayo mawili ulikuwa mzuri, na uamuzi ulioyapuuza uligharimu damu.

Kikosi hicho kilizaliwa wakati wa Vita vya Crimea, ambavyo viliifanya Uingereza ipunguze askari wake katika Mashariki ya Mbali, na waliojiandikisha mwanzoni walikuwa 99 tu, wengi wao Waingereza, pamoja na Wareno, Wajerumani na watu wa Skandinavia waliokuwa wakifanya biashara katika kisiwa hicho. Kilivunjwa na kuundwa upya zaidi ya mara moja, kikabadilishwa jina mara kadhaa, na mwaka 1920 kikaitwa Kikosi cha Ulinzi cha Kujitolea cha Hong Kong. Kwa miongo mingi hakikuwa na tatizo la magari, kwa kuwa mizinga yake ilivutwa kwa nguvu za watu na wanyama, na eneo lililotakiwa kulindwa lilikuwa bandari na vilima vinavyoizunguka. Gari la injini liligeuka kuwa suala la kijeshi katika koloni hilo baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na lilikuja kwa sababu za ndani zaidi kuliko za nje.

Kati ya Juni 1925 na Oktoba 1926 mgomo mkubwa, uliounganisha wafanyakazi wa Canton na Hong Kong, ulisimamisha karibu shughuli zote za koloni, na askari wa kujitolea waliitwa kulinda mitaa na huduma za msingi. Tukio hilo liliwaachia watawala picha moja ya hatari, yaani umati wa watu katika barabara nyembamba, na gari la deraya, ambalo ni gari lililofunikwa kwa mabamba ya chuma ili risasi nyepesi zisipenye, lilionekana kuwa jibu linalofaa. Magari ya deraya ambayo kikosi kilikuja kuwa nayo katika miaka ya 1930 yalitengenezwa papo hapo na mafundi wa koloni, ambao walichukua chasisi za malori ya kawaida, yaani fremu ya chuma inayobeba injini na magurudumu, wakazivika bodi ya chuma na kuziwekea bunduki za rashasha. Kama kazi ya ufundi, ilikuwa kazi ya kupongezwa, kwa sababu koloni lilitumia ujuzi uliokuwapo katika karakana zake za meli na reli badala ya kungoja meli kutoka Uingereza. Hata hivyo, lori lililobebeshwa mzigo wa chuma lilibaki kuwa lori: lilikuwa refu kwa kimo, zito mbele, lenye magurudumu ya nyuma pekee yanayosukumwa na injini, na halikuweza kuacha lami bila kukwama.

Gharama ya uamuzi huo ilionekana Desemba 1941. Wajapani walivuka mpaka asubuhi ya tarehe 8, na vikosi vya mbele vya Wapunjabi, vilivyopewa kazi ya kuchelewesha maadui huku madaraja na barabara vikilipuliwa, vilisaidiwa na magari ya deraya na magari madogo ya minyororo ya askari wa kujitolea. Katika kazi hiyo ya kurudi nyuma hatua kwa hatua kwenye barabara inayojulikana, magari yalitoa msaada wa kweli. Lakini ngome ya Shing Mun ilipoanguka usiku wa kuamkia tarehe 10, bara likaachwa tarehe 13, na Wajapani wakatua kisiwani usiku wa tarehe 18, vita vilihamia kwenye miteremko ya milima na makorongo karibu na Wong Nai Chung, mahali ambapo barabara zilikuwa chache, zenye kona kali, na zikiangaliwa na bunduki kutoka juu. Gari lililojengwa kwa ajili ya umati wa mjini halikuwa na la kufanya hapo isipokuwa kuwa shabaha. Kikosi kilikuwa na takriban watu 2,200 chini ya silaha, wakiwamo wazee waliopita umri wa kawaida wa kupigana, ambao walilinda kituo cha umeme cha North Point usiku wa kutua kwa Wajapani na asubuhi iliyofuata. Na mapigano yalipokwisha siku ya Krismasi, hasara yao ilikuwa kubwa mno kwa jeshi la raia.

Jambo jingine kutoka siku hizo 18 halitajwi mara nyingi, ingawa lina uzito kuliko la deraya. Jenerali Christopher Maltby, aliyeongoza ulinzi wa koloni, alitegemea kwa kiasi kikubwa malori ya raia yaliyochukuliwa kwa amri ya dharura pamoja na madereva wake, na madereva wengi, ambao hawakuwa askari na walikuwa na familia ndani ya mji unaopigwa mabomu, waliyaacha malori wakaenda kuangalia watu wao. Hakuna haki ya kuwalaumu. Kosa lilikuwa la waliopanga, kwa sababu walihesabu malori bila kuhesabu watu wa kuyaendesha, na kikosi ambacho kingeweza kufundisha mamia ya madereva wake wenyewe wakati wa amani kilikuwa kimetumia sehemu ya nguvu zake kwenye magari machache ya deraya yaliyopendeza katika gwaride.

Hong Kong haikuwa peke yake katika hali hiyo. Huko Malaya na Singapore askari wa kujitolea walipokea, kuanzia mwaka 1939, magari ya deraya ya Lanchester yenye magurudumu sita, ambayo yalijengwa mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwa idadi ndogo sana, 39 kwa jumla, na yalikuwa yamekwisha kutumiwa na kikosi cha wapanda farasi cha Lancers wa 12 kabla ya kikosi hicho kupewa magari mapya. Lanchester lilikuwa gari bora katika zama zake, lenye injini ya silinda sita na uzito wa karibu tani saba, lakini gari ambalo limetengenezwa 39 tu duniani halina spea zinazouzwa dukani; kila kipande kinachovunjika hutolewa kwenye gari jingine la aina hiyo hiyo au huchongwa upya. Ngazi ambayo magari hayo yalishuka, kutoka jeshi la kudumu hadi akiba na kutoka akiba hadi koloni, ilikuwa ya kawaida katika himaya nzima, na ndiyo sababu gari la kikosi cha kujitolea lilikuwa mara nyingi kuukuu siku ile ile lilipopokelewa kwa heshima bandarini.

Ili kuelewa kwa nini ngazi hiyo ilidumu, ni lazima kuangalia fedha. Makoloni mengi ya Uingereza yaliagiza bidhaa zao kubwa kupitia Crown Agents, ofisi ya London iliyonunua kwa niaba ya serikali za makoloni vitu vya kila aina, kuanzia stempu za posta hadi vichwa vya treni. Ofisi hiyo ilikuwa na sifa ya uaminifu katika mahesabu, lakini mlolongo wake ulikuwa mrefu: kikosi kiliomba, Gavana akapeleka kwenye Baraza la Kutunga Sheria, makadirio yakapitishwa, London ikatafuta bei, kiwanda kikaweka agizo dogo la koloni nyuma ya agizo kubwa la Jeshi la Uingereza, na meli ikasafiri kwa wiki kadhaa. Gari lililobuniwa kujibu hatari ya mwaka fulani liliweza kufika baada ya hatari hiyo kugeuka sura. Kwa upande wa pili, gari kuukuu la jeshi la kudumu lilipatikana mara moja na kwa bei ndogo, na mhasibu wa koloni, ambaye hakuwa na namna ya kuandika gharama ya spea za miaka ijayo katika safu ya mwaka huu, aliliona kuwa nafuu.

Zaidi ya hayo kulikuwa na mvutano wa muda mrefu kuhusu nani anabeba gharama ya ulinzi. Kwa miongo mingi kabla ya Vita Kuu ya Pili Hong Kong ilitakiwa kutoa sehemu ya tano ya mapato yake kwa ajili ya askari wa Uingereza waliokaa humo, na wafanyabiashara wa koloni hawakuacha kulalamika kwamba askari hao walilinda maslahi ya himaya nzima na si yao peke yao. Mvutano ulirudi kwa nguvu baada ya vita. Makubaliano ya mwaka 1975 yaliweka mchango wa Hong Kong katika gharama za askari wa Uingereza kuwa asilimia 50 mwaka wa kwanza, kisha asilimia 62.5, hadi asilimia 75. Mapatano ya mwaka 1981 yakabakiza asilimia 75, na ya mwaka 1988 yakashusha hadi asilimia 65. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kila upande uliona kwamba upande wa pili ungeweza kubeba zaidi. Katikati ya gharama hizo kikosi cha kujitolea, ambacho koloni lilikilipia lenyewe, kilikuwa kifungu kidogo. Lakini udogo huo ulikuwa na faida moja kubwa, kwamba uamuzi wa kununua au kutonunua gari ulifanywa na watu waliolijua eneo na waliowajua askari.

Kikosi kilifufuliwa mwaka 1949, kikapewa hadhi ya kifalme mwaka 1951, na sehemu yake ya nchi kavu ikaitwa Rejimenti ya Kifalme ya Hong Kong mwaka 1970. Kazi yake katika miongo hiyo iliegemea zaidi na zaidi upelelezi, yaani kutangulia, kuona, kutoa taarifa kwa redio na kuondoka bila kunaswa. Kwa kazi ya namna hiyo Jeshi la Uingereza lilikuwa na gari lililosifiwa kila mahali, nalo ni Ferret, lililotengenezwa na kampuni ya Daimler kuanzia mwaka 1952 hadi 1971 kwa idadi iliyozidi 4,400, na rejimenti ya Hong Kong ililitumia pia. Ferret linastahili kuelezwa kwa undani, kwa sababu ubora wake na ugumu wake ulitoka katika chanzo kimoja.

Lilikuwa gari dogo la watu wawili, dereva na kamanda, lenye uzito wa zaidi kidogo ya tani nne, na injini ya petroli ya Rolls-Royce yenye silinda sita iliyowekwa nyuma. Nguvu ya injini ilipita kwenye klachi ya mafuta, ambayo haina msuguano wa sahani bali huzungusha majimaji ndani ya gurudumu lililofungwa, kisha ikaingia kwenye giaboksi ya kuchagua mapema. Katika giaboksi hiyo dereva husogeza mkono wa gia mpaka kwenye namba anayotaka bila kitu chochote kutokea, na gia hubadilika pale tu anapokanyaga pedali ya kushoto hadi mwisho na kuiachia. Kwa kuwa kisanduku cha kurudisha nyuma kilikuwa peke yake, Ferret lilikuwa na gia tano za kwenda mbele na tano za kurudi nyuma, na liliweza kukimbia kinyumenyume kwa kasi karibu sawa na ya kwenda mbele, sifa ambayo kwa mpelelezi anayekutana na adui ghafla kwenye kona ina thamani kuliko chuma cha ziada. Lakini dereva ambaye hakuikanyaga pedali ile kikamilifu aliweza kuiona ikirudi kwa nguvu ya kuumiza mguu, na kosa hilo halikuwa la mjinga. Lilikuwa la mtu ambaye siku tano za juma aliendesha gari la kawaida, ambalo pedali yake ya kushoto ni klachi inayosamehe kukanyagwa nusu. Hata usukani ulilala kinyume na mazoea ya dereva yeyote wa raia, ukiwa umeinamishwa kuelekea upande usiotarajiwa ili kubana nafasi.

Ugumu mkubwa zaidi ulikuwa chini. Gari la kawaida lenye magurudumu manne yanayosukumwa lina difu mbele na nyuma, yaani kifaa cha gia kinachoruhusu gurudumu la kulia na la kushoto yazunguke kwa kasi tofauti wakati wa kukata kona. Ferret lilikuwa na difu moja tu katikati, na kutoka hapo shafti nne zilielekea kila moja kwenye gurudumu lake, hivyo gurudumu la mbele na la nyuma la upande mmoja yalifungamana na kulazimika kuzunguka sawasawa. Kwenye udongo, mchanga au majani hilo halina madhara, kwa kuwa tairi huteleza kidogo na kusawazisha tofauti. Kwenye lami kavu tairi hazitelezi. Msokoto hujilimbikiza ndani ya shafti na visanduku vya gia vya pembeni, joto hupanda, na mwishowe kitu huvunjika. Madereva walifundishwa kulipandisha gari kwenye ukingo wa barabara au kulipitisha kwenye ardhi laini mara kwa mara ili kuuachia msokoto. Jangwani au mashambani mafunzo hayo hufuatwa bila shida, lakini Hong Kong ni nchi ya lami, kona na vilima, na kutoka kambi moja kwenda mpakani njia karibu yote ni barabara ngumu. Gari lililosifiwa Ulaya na Uarabuni lilikuwa likijila lenyewe kila lilipotoka kwenda mazoezini katika koloni hilo, na baada ya mwaka 1971, kiwanda kilipoacha kulitengeneza, kila kisanduku kilichoungua kilikuwa hasara ngumu kuiziba.

Wataalamu wengi wa magari ya kivita huishia hapo, kwenye chuma na spea. Kipimo kilichostahili kutangulia ni saa za askari. Ikichukuliwa kwamba askari wa kujitolea anapata siku 30 za mafunzo kwa mwaka, na hicho ni kiasi cha ukarimu kwa mtu mwenye ajira, siku hizo zinapaswa kutosha kwa shabaha, redio, ramani, sheria za kusaidia polisi, huduma ya kwanza na gari. Gari la deraya halitaki dereva tu. Linataka kamanda anayejua kuliongoza akiwa ndani ya tundu lenye upeo mdogo wa kuona, linataka wote wawili wajue kazi za mwenzao, na linataka kupakwa grisi, kukaguliwa viungo na kupimwa mafuta katika kila kisanduku baada ya kila safari. Robo nzima ya siku hizo za mafunzo ingeweza kumezwa na mashine. Mtu wa jeshi la kudumu hupata ujuzi huo kwa kuishi na gari lake. Mtu wa kujitolea huanza karibu upya kila anapovua tai na kuvaa sare. Waliosema kwamba askari wa kujitolea wapewe gari lile lile la jeshi la kudumu ili waheshimiwe walikuwa na nia njema, lakini heshima ya namna hiyo iliwaweka watu hatarini.

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito. Mwaka 1967, machafuko yaliyochochewa na Mapinduzi ya Utamaduni ya China yalipoenea Hong Kong, polisi watano waliuawa Sha Tau Kok, kijiji cha mpakani, tarehe 8 Julai kwa risasi zilizotoka ng'ambo, na askari wa Kigurkha wakalazimika kuingia. Mtu aliyeona siku hiyo hakuwa tayari kusikia kwamba deraya ni anasa. Jibu la haki ni kwamba hatari ya namna hiyo ilihitaji mtu wa kudumu ndani ya gari la deraya, si mtu wa mwisho wa juma. Jukumu hilo liligawanywa hivyo kwa vitendo: polisi wa koloni walikuwa na magari ya deraya ya Saracen na baadaye Saxon, yaliyoendeshwa na watu wa kazi hiyo kila siku, wakati jeshi la Uingereza lilibaki na silaha nzito. Kikosi cha kujitolea kingejirudufu bure kama kingeng'ang'ania nafasi ambayo wengine walikuwa wameijaza.

Kilichochukua nafasi ya deraya katika rejimenti hiyo kilikuwa Land Rover, tena Land Rover lililovuliwa. Milango, paa na kioo cha mbele viliondolewa au kulazwa, bunduki ya rashasha ikawekwa juu ya mhimili, redio ikafungwa, na askari wakaketi wazi wakiona na kusikia pande zote. Mtu akiliangalia gari hilo kando ya Ferret huona upungufu: hakuna chuma cha kuzuia hata risasi ya bunduki ndogo. Lakini aliyefahamu kazi iliyokuwa ikifanyika aliona zaidi ya hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 tatizo kubwa la mpakani halikuwa jeshi la adui bali maelfu ya watu maskini waliovuka kutoka China kwa miguu na kwa kuogelea, wakati sera ya Gavana Murray MacLehose iliruhusu, hadi Oktoba 1980, aliyefanikiwa kufika mjini na kuwapata jamaa zake abaki. Askari wa kujitolea waliitwa kusaidia doria. Kumwona kijana aliyejificha kwenye majani usiku, kushuka haraka, kumkamata bila kumdhuru na kumpa maji ni kazi isiyofanyika kutoka ndani ya sanduku la chuma. Gari la wazi lilikuwa salama zaidi kwa yule aliyetafutwa, na hilo ni jambo ambalo mizania za kijeshi hazina safu ya kuliandika.

Faida ya pili ilikuwa ya gereji. Land Rover lilikuwa gari la raia kabla ya kuwa la jeshi. Giaboksi yake ilifanana na ile ambayo askari alikwisha kuizoea, lilitumia springi za mabamba ambazo fundi yeyote aliweza kuzifungua, na magurudumu ya mbele yaliweza kuunganishwa au kuachwa huru kwa mkono mmoja wa gia, hivyo lami haikulitesa. Serikali ya koloni na makampuni ya huduma walikuwa nalo, spea zilikuwa madukani, na askari aliyekuwa fundi katika maisha yake ya kila siku alikuja kambini na ujuzi kamili badala ya kuja kuutafuta.

Si kweli, hata hivyo, kwamba gari hilo halikuzeeka. Bodi yake ni ya aloi ya alumini na fremu yake ni ya chuma, na metali hizo mbili zinapogusana katika hewa yenye unyevu na chumvi ya bahari alumini huanza kuliwa kwa njia ya umeme mdogo unaopita kati yake, mpaka unga mweupe ukatokea kwenye viungo. Fremu yenyewe ni mrija wa mraba, na matope yanayoingia kwenye matundu yake hayatoki kwa kuoshwa kwa nje, hivyo kutu huitoboa kutoka ndani. Katika hali ya hewa ya Hong Kong, ambayo mkazi wa Mombasa, Tanga au Unguja angeitambua mara moja kwa kuangalia bawaba za milango yake, Land Rover lililopakwa rangi vizuri na kung'aa katika gwaride liliweza kuwa limeoza chini ya miguu ya dereva. Kwa sababu hiyo kipimo cha kubadilisha magari ya kikosi cha kujitolea hakikupaswa kuwa kilomita, kwani yalikimbia kidogo na kusimama sana. Kipimo sahihi kilikuwa miaka na hali ya fremu. Gari lililosimama siku tano kati ya saba katika joto la unyevu huzeeka kwa kusimama, na mhasibu aliyesoma mita ya kilomita na kusema bado jipya alikuwa akisoma chombo kisichohusika.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki mfano ulio karibu ni Rejimenti ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1937, ikavunjwa mwishoni mwa vita, ikafufuliwa mwaka 1950 na kuvunjwa tena mwaka 1963. Hiyo pia ilikuwa ya raia wenye sare, lakini tofauti ya msingi isifichwe: iliandikisha walowezi Wazungu, na katika miaka ya Dharura, yaani ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, iliwatumikisha dhidi ya Waafrika waliodai ardhi yao. Katika hali kama hiyo gari jipya halikuwa suala la ufundi peke yake. Liliongeza urefu wa mkono wa watu wachache juu ya wengi. Rejimenti ya Hong Kong ilikwenda njia nyingine, kwa sababu kadiri miaka ilivyosonga askari wake wengi wakawa Wachina wa koloni hilo hilo. Hilo halikuufanya utawala wa kikoloni uwe wa kidemokrasia, maana Gavana aliendelea kuteuliwa London, lakini lilifanya swali la usalama wa askari ndani ya gari liwe swali la watu wa mji wenyewe.

Baada ya Tamko la Pamoja la Uingereza na China, lililotiwa saini tarehe 19 Desemba 1984, hesabu ya magari iligeuka kabisa. Gari la kijeshi hununuliwa kwa matarajio ya kutumika miaka 15 hivi; gari lililonunuliwa mwaka 1985 lingemaliza maisha yake baada ya mwaka 1997, wakati ambapo bendera iliyokuwa juu yake ingekuwa imeshushwa. Kuanzia hapo hoja ya kununua gari ghali lenye mafunzo marefu haikuweza kusimama, na uamuzi wa zamani wa kutegemea gari jepesi la kiraia, ambalo linaweza kuuzwa au kuhamishiwa idara nyingine siku yoyote, ulizaa matunda ambayo waliouamua hawakuyatazamia. Kikosi hakikufika mwisho wake kikiwa na ghala la mashine zisizo na mnunuzi.

Uamuzi wa miaka ya 1930 na ule uliofuata Ferret hauwezi kupewa alama sawa. Wa kwanza ulichukua hofu ya watawala kuhusu umati na kuigeuza chuma, kisha ukawapeleka watu wenye familia na ajira kwenye vita vya milimani wakiwa na chuma hicho. Wa pili ulianza na askari mwenyewe, muda wake, ujuzi wake na kazi aliyotumwa. Wa pili ulikuwa bora, na ubora wake haukutegemea utajiri, kwa sababu Land Rover lilikuwa rahisi kuliko deraya.

Rejimenti ya Kifalme ya Hong Kong ilivunjwa tarehe 3 Septemba 1995. Jeshi la Ukombozi la China liliingia tarehe 1 Julai 1997 na magari yake lenyewe, na ibara ya 14 ya Sheria ya Msingi ya Hong Kong inaeleza kwamba gharama za kikosi hicho zinalipwa na serikali kuu ya Beijing.